Saa Tatu, Kwenye Mlolongo

Jumatatu, saa kumi na moja jioni

Uchungu bado. Maji yanazidi kutoka kidogo kidogo, na mama mkwe amekaa hapo jikoni akisema, "Ngoja uchungu, mwanangu. Ukienda hospitali hivi watakurudisha tu."

Pengine. Lakini sista wa kliniki alituambia maji yakitoka twende siku hiyo hiyo, uchungu uwe au usiwe, kwa sababu mtoto anaweza kupata ugonjwa. Na lazima atauliza yalitoka saa ngapi.

Hapa nyumbani nimesema saa tisa. Uongo.

Yalitoka saa tatu asubuhi, nikiwa kwenye mlolongo wa kura, kila mtu nyuma ya picha ya mgombea wake, na mimi nyuma ya mtu ambaye hata simtaki. Hedimasta alikuwa anaangalia sisi walimu tumesimama wapi. Nikajifunga leso juu ya nguo, nikasimama mpaka nikahesabiwa. Mwalimu mzima! Niliogopa tu.

Mume wangu Kibet ameleta pikapu ya jirani. Anauliza twende ama tungoje.

Twende. Sista akiuliza nitasema saa tatu, hata Kibet akiwa amesimama hapo anasikia.