Chumba Kimoja na Mrundi Yule

Mama, shikamoo kutoka Miyuji, Dodoma.

Upepo wa huku unapuliza vumbi mchana kutwa, hata chai ina mchanga. Klabu mpya imenipokea vizuri, ikanipanga chumba kimoja na mshambuliaji wao kutoka Burundi. Nilipofungua mlango nikamtambua papo hapo. Ni yuleyule aliyenipiga chenga katika mechi yangu ya kwanza ya timu ya taifa, nikakaa chini nchi nzima ikitazama, na sikuitwa tena.

Akanikaribisha zabibu. Nikamwuliza kama anaikumbuka mechi ile.

"Sana! Nilifunga bao zuri," akasema. "Ila yule beki wenu niliyempiga chenga simkumbuki. Kwani na wewe uliwahi kuchezea taifa?"

Miaka yote hii nimemchukia mtu asiyenijua! Nikamjibu, "Kidogo tu," tukaendelea kula. Jana mazoezini nilimpokonya mpira, akacheka na kunipigia makofi.

Mama, najua kila usiku unamwombea avunjike mguu. Nakusihi uache. Jumamosi tunacheza pamoja, na bila yeye hatuna mfungaji.

Nakupenda, mama. Ulale salama.

Mwanao, Elia