Kopo la Kushindilia

Mujukuu wangu Sifa, muke mwenzangu kwa utani wetu,

Sisi wa Kabambare tunakusalimia sana. Mama yako iko muzima, mbuzi wake amezaa, ila mvua inatuozesha karanga.

Unaniuliza makopo mangapi ya ndizi kavu yanafanya kilo moja, maana kitabu cha masista huko Kindu kinasema kilo, na wewe una kopo tu. Inategemea mukono, mutoto. Ukimwaga tu, kopo linajaa hewa. Ukishindilia, uzito unakaribia mara mbili.

Hayo niliyaona kwa mama yangu, wakati Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, alipompeleka baba kwa nguvu kuchimba zahabu kwenye mugodi wa Salamabila. Mama alikausha ndizi, akampimia baba za kujaza kikapu, kila kopo akilishindilia kwa ngumi. Alipotupimia sisi watoto, alimwaga juu juu. "Muone, kopo imejaa," alituambia. Na kweli tuliiona imejaa.

Mambo ya kule sitakuandikia. Watu wa upande wa Wamaza waliochimba pamoja na baba walirudi na kikapu chake, bila yeye. Ndizi zilibaki karibu zote. Mama aliwapa maji ya kunywa, wakaenda. Kisha alichukua kopo lile lile, akatupimia ndizi za baba, akashindilia kwa ngumi mpaka zikagoma kuingia.

Siku ile tulishiba.

Kwa hiyo waombe masista mizani yao, mujukuu wangu. Mimi mpaka leo, kopo likiwa zito mukononi, njaa inaniisha kabla sijala.

Nkambo wako, bibi yako