Kilo Hamsini za Vitu Vilivyokufa

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi. Mwanangu Glorious kaamka saa kumi alfajiri, meno yanamsumbua. Nimefika dukani macho mekundu, bosi Othmar akauliza nani amefiwa.

Kampuni inayotuletea taa za sola imeacha boksi kubwa la chuma. Mteja akileta kitu kibovu cha umeme — simu, redio, betri — anapata punguzo kwenye taa mpya. Wao wanavichukua vikavunjwe kwa utaratibu, visiishie kuchomwa moto au kutupwa mtoni. Boksi nimekabidhiwa mimi. Lori linarudi Jumatano ya wiki ijayo. Tukifikisha kilo hamsini, kituo kinabaki Mbinga na mimi naajiriwa kabisa, si kibarua tena. Tusipofikisha, boksi linaondoka, na mimi narudi nyumbani kuanika kahawa ya mama mkwe.

Mpaka jioni: simu moja ya kitochi. Mwenyewe karudi kukichukua. Mwanawe hakubali kulala bila hicho.

Alhamisi, 10 Julai

Kilo nne. Huku hakuna anayetupa kitu. Redio mbovu inakaa kabatini na kitambaa juu. Pasi mbovu inamsubiri fundi aliyehamia Songea mwaka juzi. Mzee mmoja kaleta pasi ya mkaa. Nikamwamkia, nikamwambia, babu, hii haitumii umeme. Akasema ndiyo maana haijawahi kuharibika. Kaondoka nayo, kanishinda.

Mama mkwe ana TV ya chogo, zile nzito za kizamani, ya marehemu baba mkwe, Mzee Vitalis. Miaka saba haijawaka. Juu yake kasimamisha sanamu ya Bikira Maria. Nimemwomba kwa adabu zote.

— Mama Glorious, hata goti langu bovu. Nalo utalipima?

Jioni nikapita kwa katekista Damiano. Kakubali kutangaza kwenye jumuiya zote Jumamosi: vibovu vyote viletwe kanisani Jumapili, mimi nitavichukua.

Jumapili, 13 Julai

Wameleta. Ila wameleta kama wanavyoleta kila kitu kanisani: kwenye matoleo.

Kwaya inaimba, akina mama wanacheza kuelekea altareni. Kuku, mahindi, maboga — na redio kichwani kama mkungu wa ndizi. Deki za video. Simu zimejaa ungo mzima. Padri akasita kidogo, kisha akanyunyizia vyote maji ya baraka. Nilikadiria kilo sabini. Nikambusu Glorious.

Nilisahau kitu kimoja. Mnada! Kila Jumapili baada ya misa matoleo yananadiwa. Damiano kapanda benchi, kauza kuku, kauza maboga, kainua redio. Nikapaza sauti, katekista, hiyo mbovu! Akajibu kwamba ilikuwa mbovu, sasa imebarikiwa. Watu wakashindana. Feni isiyo na mapanga wamechangiana wawili. Kila mtu kaondoka na kibovu cha mwenzake, ameridhika. Mama mkwe kanunua pasi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda kwa Padri, Glorious mgongoni. Sikuzunguka. Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kamwagiza Damiano anisindikize nyumba kwa nyumba akaeleze kwamba baraka ni ya aliyetoa, redio haina roho.

Nilidhani watauliza punguzo. Wanauliza itapelekwa wapi. Mama mmoja kashikilia deki yake mlangoni kama binti anayeozwa mbali. Nikakata karatasi, nikaandika jina la mwenye mali na jina la kitu, nikampa. Akaiachia. Tangu hapo namwandikia kila mtu. Kilo thelathini na moja. Mgongo sina.

Jumatano, 16 Julai

Kilo thelathini na nane tu. Lori limefika saa nne. Dereva Hamphrey ana haraka, anakwenda Songea.

Namfungia boksi, bodaboda ikasimama. Mama mkwe, kitenge cha msibani kiunoni, TV kaikumbatia. Kasikia naandika majina. Anataka liandikwe la Mzee Vitalis, na anataka kujua TV itafanywa nini. Nikamwambia ukweli: inavunjwa. Kioo peke yake, waya peke yake. Haitawaka tena, Mama.

Tuliiweka juu ya mizani ya kahawa tuliyoazima ushirika. Na yeye akaketi juu yake. Goti, anasema.

Hamphrey kasema, Mama, shuka tupime. Kamjibu, mwanangu, Vitalis hakuwahi kuharakishwa na mtu. Kaomba chai.

Naandika hapa kaunta huku chai inachemka. Nahitaji kilo kumi na mbili. Mizani inasoma sabini na tisa, Mama akiwamo. Othmar ananikonyeza niandike hivyo hivyo. Siandiki. Hamphrey kazima injini.

Sasa Mama kaomba ampakate mjukuu wake.

Themanini na nane.