Uwanja Tulioufagia

Marahaba, Neema. Huku Nkoaranga tu wazima, na kahawa imechanua. Umeuliza kama utafiti wenu wa mauaji huko chuoni unawafaa polisi. Unawafaa sana!

Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni, jirani yangu Ndeshi aliuawa nyumbani kwake. Polisi wakamkamata mchuuzi wa mitumba, eti kwa sababu ni mgeni! Nyinyi mnasema muuaji mara nyingi ni mtu wa karibu. Wao hata mume wa Ndeshi hawakumhoji. Mchuuzi alifia mahabusu, ndipo mume akakiri.

Nami nina hasira na nafsi yangu. Kabla polisi hawajafika, sisi majirani tulifagia damu na nyayo zote uwanjani kwa Ndeshi ili waombolezaji wakute pasafi. Ufagio nilipewa na huyo mume, wala sikumuuliza kitu, maana kwetu mfiwa haulizwi.

Wewe mfiwa muulize.

Bibi yako