Gego la Mama Atu

Jumatatu, 4 Machi
Mvua tena. Wagonjwa saba, sita wa kung'oa. Wa saba Mama Atu, mchuma chai kutoka Masoko, kagoma kung'olewa gego. Nimemsafisha mizizi mwenyewe! Nimeziba kwa muda, arudi Alhamisi.

Rehema, mwanafunzi mwenzangu wa udaktari wa meno tunayelala naye chumba kimoja hapa Bulyaga, anasema mzizi ukishatibiwa unaziba shimo basi. Nimembishia. Jino lile limebaki kuta nyembamba. Ncha zake za kutafunia zinapunguzwa, juu kote kunafunikwa, la sivyo linapasuka. Kacheka. "Haya, mwalimu!"

Alhamisi, 7 Machi
Malaria. Siwezi kusimama. Nimemwomba Rehema amwambie Mama Atu aje Jumatatu, jino asiliguse. Kasema sawa, lala shoga yangu.

Jumatatu, 11 Machi
Mama Atu hajaja. Rehema anasema hata Alhamisi hakumwona.

Jumatano, 20 Machi
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mama Atu kaja kashika shavu. Alikuwa anatafuna hindi la kuchoma, gego likapasuka katikati mpaka kwenye mzizi. Shimo limezibwa, linang'aa. Ncha zote zimeachwa vilevile. Kwenye kadi, tarehe 7, jina langu. Mwandiko wa Rehema.

Daktari anayetusimamia kaniuliza mbele ya watu. Nikasema siku hiyo nilikuwa kitandani. Rehema alikuwa pale pale. Kainamia trei ya vifaa, anavipanga. Daktari akamuuliza Mama Atu ni nani kati yetu aliyemziba jino. Mama wa watu akatutazama mmoja mmoja.

"Mwanangu, mlikuwa mmeziba nyuso."

Daktari kasema kitabu changu cha mafunzo ya vitendo hakisainiwi. Bila saini hakuna mtihani wa mwisho. Nikaambiwa ning'oe mwenyewe. Nimeng'oa. Mama Atu hakulia, mimi ndiye niliyelia ndani ya barakoa.

Alhamisi, 21 Machi
Rehema kakiri, tukiwa wawili tu. Alitaka kujaribu mkono, kaogopa kuandika jina lake. Nikamwambia twende kwa Daktari sasa hivi. Hawezi. Atakosa mtihani yeye.

Kwa hiyo nikose mimi! Miaka minne tumekula sahani moja.

Ijumaa, 22 Machi
Nimeenda kwa Daktari peke yangu. Anataka ushahidi; mwandiko anasema hautoshi, na siku ya malaria aliyeniona kitandani ni Rehema tu. Sina. Nitarudia mafunzo ya vitendo mwanzo mpaka mwisho. Sijui nitamwambiaje mama.

Jumapili, 24 Machi
Sikwenda kanisani. Nimefua.

Mchana Rehema kaja na daftari, kakaa mbali kidogo. Kesho ana mgonjwa, binti wa kidato cha pili, gego, mizizi imeshatibiwa. Hajui ncha zinapunguzwa kiasi gani. Nilitaka kumfukuza. Simpendi tena, na sidhani nitampenda.

Lakini huyo binti hajanikosea kitu. Nikachora jino, nikamwonyesha pa kupunguza na pa kufunika. Nikamwambia arudie. Karudia mara tatu, mpaka akapatia.