Diski ya Mama Niliyoisafisha Kupita Kiasi

Chumba cha nyuma,
Duka la Dobi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na yule binti yenu ninayemjua kwa picha tu. Mgongo wako umepona, au bado unabeba mizigo kwa ubishi? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Ile diski ya video ya Mama haitakuja. Nalisema mapema nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Mjomba aliileta mwezi uliopita, kama ulivyomwomba. Alikuwa ameihifadhi kabatini bila kifuko, pamoja na misumari. Ilijaa alama za vidole, mafuta na matone ya chai yaliyokauka. Nikaitia kwenye deki, picha ikaganda kwenye kidevu cha Mama na kukataa kwenda mbele.

Nikaenda kwa fundi redio wa jirani, kijana tunayemwita Bisibisi. Akanielekeza: maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni, kitambaa laini, na unafuta kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, usizungushe kama unayeosha sahani. Kisha akasema, "Ikikubali tu, dada, niletee niitolee kopi kabla hujaigusa tena." Nikaitikia, kwa mdomo.

Ikakubali. Mdogo wangu, nilimwona Mama kwenye kile kiti chake cha plastiki, anakunja nguo huku anamkaripia mpiga picha amwondolee taa machoni. Baada ya dakika moja nikazima. Wewe ndiye uliyekosa mazishi yake, nikaona uitazame wewe kwanza, mimi nitaitazama ukija nayo.

Hapo ningeiacha. Lakini unanijua. Miaka ishirini nalishwa na madoa ya watu, na sijawahi kumrudishia mtu nguo yenye alama. Upande wa juu wa diski palikuwa na selotepu ambayo Mjomba aliandika juu yake jina la Mama, imekuwa njano na gundi yake imenasa vumbi. Nikaona aibu kukutumia kitu kichafu. Kinachosomwa ni upande wa chini, nikafikiri, huu wa juu ni mgongo tu. Nikailowanisha kwa spiriti, nikasubiri ilainike kama nifanyavyo kwenye kola, nikaivuta. Selotepu ikatoka vizuri, na rangi ya fedha ikatoka nayo. Nilipoinyanyua diski niliuona mkono wangu upande wa pili.

Nilimpelekea Bisibisi, akaielekeza kwenye mwanga. "Dada, picha zilikuwa kwenye huo utando wa juu. Huku chini ni dirisha la kuchungulia tu." Habari za kopi hakuniuliza. Afadhali angeniuliza, nikapata mtu wa kumkasirikia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa mkuu mwenyewe nimemzidi umri. Nimejaribu kujicheka, nimeshindwa. Mjomba bado hajui. Diski ilikuwa hiyo moja tu, na mwanao hatamwona bibi yake akitembea wala akisema. Mimi ndiye niliyemfuta, kwa mikono yangu, kwa usafi.

Mjomba na binamu zako wanakusalimu. Mwambie wifi nampenda, na umbusu binti kwa ajili ya shangazi yake. Mungu awafunike kwa rehema zake, na ukiweza, unisamehe. Usipoweza leo, sitakulaumu.

Neno moja la mwisho. Niandikie Mama alivyokuwa akikuita ukichelewa kurudi, alipandisha sauti wapi na alishusha wapi. Watu husema naongea kama yeye. Nikijaribu kumsikia sasa, najisikia mwenyewe tu.

Ni mimi dada yako, akupendaye na asiyejua pa kuuweka uso.