Matairi ya Kwenda Kaliua

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijui kuanza barua yako kwa namna nyingine.

Tangu ugonjwa wa figo ukuchukue, pikipiki yako ilikaa uani chini ya turubai. Shangazi Mwajuma aliiomba ili aendelee kuwatengenezea cherehani washonaji wako wa Urambo na Kaliua, kazi uliyomfundisha mwenyewe. Mama alikataa. Alipitisha kidole kwenye tairi la nyuma, lililobaki kipara katikati, akasema, "Wifi, nimeshazika mmoja. Kwa matairi haya haitoki. Mkikosa mazuri, naiuza."

Jumamosi mimi na Shangazi tukaenda dukani. Muuzaji akatutolea matairi yenye kashata, yale meno ya mpira, nene kama vipande vya sabuni. "Dada, haya ndiyo ya kazi. Hata porini hayakuangushi!" Mimi ndiye niliyeyapenda zaidi, Baba. Nilikumbuka mchanga wa njia ya Ulyankulu, wewe ukiniambia nishuke, nami nikikimbia nyuma yako nikicheka. Shangazi alikuwa ameshafungua pochi.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiuza sindano. Hukumpa mshonaji sindano mpaka umuulize, "Unashona nini?" Yule mama wa Urambo alikujibu, "Fundi, nimekuja kununua au kuhojiwa?" Ukacheka, ukasubiri, mpaka akataja jinzi. Sijaona tena mtu mwenye subira ile.

Nikamuuliza Shangazi hasa anakwenda wapi. Akahesabu kwa vidole: Urambo, Kaliua, kurudi. Lami tupu. Ulyankulu mara moja moja, tena kiangazi. Kashata zile zingeisha upesi, na lami ikilowa zisingeshika vizuri. Nusura nimchagulie Shangazi kumbukumbu zangu badala ya safari zake.

Tukaomba ya lami, yenye mifereji ya kupitisha maji. La kwanza liling'aa sana, lakini nilisoma tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, kama ulivyonionyesha. Lilikuwa na umri sawa na mdogo wangu Zuhura, aliye darasa la pili! Nikalikataa. Muuzaji akashika kiuno. "Haya, afisa mkaguzi, nikuletee na kiti?" Lakini alipanda ngazi, akashusha jozi ya mwaka huu.

Yalipofungwa, Mama aliyakagua yote mawili. Kisha akaingia ndani, akatoka na helmeti yako, akamfunga Shangazi mkanda wa kidevu kwa mikono yake. "Nenda polepole, Mwajuma. Ukifika upige."

Jana saa nane mchana simu ililia. Shangazi alikuwa Kaliua, na nyuma ya sauti yake nilisikia cherehani zikikimbia. Washonaji wako wote wanakusalimia. Mama alikaa kwenye kigoda, akashusha pumzi, akamwambia tu asichelewe kurudi. Habari za kuuza pikipiki hakuzitaja tena.

Nakuaga kwa leo, Baba. Pumzika, kazi yako iko barabarani. Naahidi kupima upepo wa matairi kila mara kabla Shangazi hajaondoka, hata asubuhi ya mtihani. Na nikimaliza kidato cha nne, nataka kwenda naye. Mama bado sijamwambia. Nimeona nikwambie wewe kwanza.

Mwanao,
Asha